William Morris na Nyumba Nyekundu

Nyumba njema si mlango, ni ndani. William Morris, bingwa wa nakshi wa Uingereza (1834–1896), alilijua hilo. Alipooa mwaka 1859, rafikiye Philip Webb alimchorea ramani ya nyumba ya matofali mekundu huko Bexleyheath, karibu na London. Vyombo vya madukani havikumridhisha. Basi Webb akabuni meza, vinara na bilauri. Edward Burne-Jones akachora picha kutani. Mkewe Jane akatarizi mapazia. Vyote vikapatana. Mwaka 1861 wakafungua kampuni ya kupamba majumba. Lakini mwaka 1865, kwa maradhi na uhaba wa fedha, Morris akaihama, wala hakurudi kuitazama. Aliyewapambia watu nyumba zao, yake ilimponyoka.