Stanley na mashua ya vipande iliyofika Jinja

Malori ya kahawa na mahindi yanayotoka Mbale kuelekea Kampala huvuka Nile pale Jinja kwa dakika chache tu. Mwaka 1875, mtu mmoja alifika kwenye maji hayo kwa mashua iliyosafirishwa kutoka Uingereza ikiwa vipande, na sehemu ya njia ikabebwa mabegani mwa wapagazi. Mtu huyo ni Henry Morton Stanley, na habari ya mashua yake ina funzo kwa kila anayesafirisha mzigo.

Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, tarehe 28 Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Sehemu kubwa ya utoto wake aliishi katika nyumba ya maskini. Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, akachukua jina jipya, akapigana vita ya wenyewe kwa wenyewe kisha akawa mwandishi wa habari. Gazeti la New York Herald lilimtuma Afrika kumtafuta Livingstone, naye akamkuta Ujiji mwaka 1871.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, swali kubwa lilikuwa bado halijajibiwa. Speke alikuwa amefika Jinja tarehe 28 Julai 1862, akasema Nile inaanzia hapo, kutoka ziwa moja kubwa. Wapinzani wake walidai si ziwa moja bali ni maziwa kadhaa. Hakukuwa na njia ya kumaliza ubishi huo isipokuwa kulizunguka ziwa lote kwa chombo.

Kwa hiyo mwaka 1874, akilipiwa na gazeti lake pamoja na Daily Telegraph la London, Stanley aliagiza mashua kwa fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Ilikuwa na urefu wa mita 12 na upana wa karibu mita 2. Ilitengenezwa kwa mbao nyembamba za mwerezi, ikagawanywa vipande vitano vya kuungana. Aliipa jina Lady Alice, kwa heshima ya msichana wa Kimarekani aliyekuwa mchumba wake.

Mzigo ulipofika Zanzibar, kosa likaonekana. Vipande vinne vilikuwa na uzito wa kilo 127 kila kimoja, na cha tano kilo 140. Mpagazi wa siku zile alibeba kilo 30 hivi. Hata wakijipanga wanaume kadhaa kwenye kipande kimoja, upana wake usingepita kwenye vijia vya porini. Kwa kifupi, mashua nzuri ilikuwa imejengwa bila kumfikiria mbebaji.

Stanley angeweza kuiacha. Badala yake alimpata fundi wa meli hapo Zanzibar, jina lake Ferris, aliyeikata na kuipunguza upana mpaka vipande vikabebeka. Kazi hiyo ndiyo iliyookoa safari.

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara uliondoka Bagamoyo ukiwa na watu zaidi ya 300. Walibeba merikani, kaniki, shanga na waya, yaani fedha za njiani, kwa sababu kila mtawala alidai hongo kabla ya kuruhusu mtu apite. Wakati huo neno hongo lilimaanisha ushuru halali wa njia. Wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na mapigano. Tarehe 27 Februari 1875, siku ya 103, waliobaki waliliona ziwa huko Kagehyi, karibu na Mwanza ya leo.

Vipande viliunganishwa, na tarehe 8 Machi mashua ikang'oa nanga ikiwa na mabaharia 11. Walifuata ufuko wa mashariki, wakapita nchi ya leo ya Kenya na Busoga, wakafika kwenye ghuba ya Jinja. Mwezi Aprili Stanley alipokewa na Kabaka Mutesa wa Buganda. Aliporudi Kagehyi mwanzoni mwa Mei, jibu lilikuwa wazi: ziwa ni moja, na maji yake hutoka kwa mlango mmoja tu, pale Jinja. Speke alisema kweli.

Lakini safari hiyo ina doa la damu. Katika kisiwa cha Bumbire wenyeji waliwanyang'anya makasia, na mabaharia wakaponea chupuchupu kwa kupiga maji na mbao za sakafu ya mashua. Mwezi Agosti Stanley alirudi na bunduki kulipiza kisasi, akaua watu wengi. Hata Ulaya alilaumiwa kwa jambo hilo.

Kutoka ziwani mashua ilibebwa tena, ikapita Tanganyika na kushuka mto Kongo. Uledi, nahodha wake, aliwaokoa wenzake wengi kwenye maporomoko. Wazungu watatu waliofuatana na Stanley wote walikufa. Mwishoni mwa Julai 1877 mashua iliachwa juu ya mwamba karibu na maporomoko ya Isangila, na tarehe 9 Agosti waliobaki wakaingia Boma, wakiwa chini ya nusu ya walioondoka Bagamoyo. Huko nyuma, mwaka 1876, Alice alikuwa ameshaolewa na mtu mwingine.

Stanley alikuja kumtumikia Mfalme Leopold kule Kongo, kazi iliyofungua mlango wa mateso makubwa kwa watu wa huko. Mwaka 1887 alirudi Afrika kumfuata Emin Pasha. Safari hii alikuja na mashua ya chuma iitwayo Advance, yenye vipande 12, kila kimoja kilo 34 hivi. Alikuwa amejifunza: alianza na bega la mpagazi, ndipo akaja kwenye chombo. Alifariki London tarehe 10 Mei 1904.

Maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa Jinja na kufunguliwa mwaka 1954. Majina ya wapagazi wengi nayo yamefunikwa, ingawa bila mabega yao mashua ile isingefika hata Dodoma.