Askofu Steere na Nunda Mla Watu



Wazazi wengine katika mitaa yetu ya Kibaha na Kisarawe huuliza kama yafaa watoto wa Kikristo kusikiliza hadithi za mazimwi, majini na wanyama wasemao. Hudhani kuwa hayo ni mambo ya shetani, au ni upuuzi wa kupoteza wakati. Kwa ajili yao tumeona vema kueleza habari za Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya U.M.C.A., maana yeye aliziandika hadithi hizo kwa mkono wake, wala hakuona haya.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria akawa mwanasheria, kisha akaiacha kazi hiyo akapewa daraja ya upadre. Alipokuwa padre wa shamba huko Lincolnshire, rafiki yake William Tozer aliitwa kuwa Askofu wa Misheni badala ya Askofu Mackenzie, aliyekufa kwa homa mwaka 1862. Steere akaamua kufuatana naye. Walifika Unguja mwaka 1864. Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume, walionyang'anywa wafanya biashara ya watumwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yao ya kwanza.

Basi Steere akaanza kujifunza Kiswahili. Vitabu vya lugha vilikuwa vichache, naye hakuwa mtu wa kuridhika na maneno ya kubahatisha. Aliketi na watu wa Unguja, wengi wao Waislamu, akawaomba wamsimulie ngano zao, naye akaandika kama alivyosikia. Mwaka 1870 alipiga chapa kitabu cha hadithi hizo, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kabla hajawafundisha watu Injili kwa vitabu, alikubali kwanza kuwa mwanafunzi wao. Jambo hili latupendeza sana, maana wako wahubiri wengi wasioweza kunyamaza hata wasikie.

Katika kitabu hicho imo hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo wazee wetu wengi waliijua. Sultani alikuwa na wana saba na paka mmoja. Paka akakamata ndama. Watu wakamshitaki, Sultani akajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake, basi aachwe. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala punda na farasi na ngamia, na jibu likawa lile lile. Akaanza kula watoto wa watu, bado Sultani hakusikia. Mwisho akaingia porini, akawaua wana watatu wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani alipokiri kuwa huyu si paka tena, bali ni nunda mla watu.

Aliyekwenda kumwinda ni mwana mdogo, ambaye baba yake hakumhesabu. Ndiye aliyekesha peke yake chini ya mtende wa baba yake hapo kwanza, akitia mchanga kinywani ili usingizi usimshike, kaka zake wote wakiisha kulala na ndege akala tende. Alipoua mbwa mkubwa alimpelekea mama yake, akauliza kama ndiye nunda. Mama akamwambia kuwa siye. Akaua punda milia, akaua twiga, akaua kifaru, hata tembo, na kila mara mama akakana. Akarudi tena porini mpaka akampata nunda mwenyewe amelala mlimani, akamwua.

Angalieni mambo yalivyokuwa siku Steere aliposikia ngano hiyo. Mtaa wa Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Kila aliyefaidika alisema kama Sultani: mtumwa ni wangu, fedha ni yangu. Na wako Wazungu waliokula faida ya pembe zilizoletwa pwani mabegani mwa watumwa hao, tusiwasahau.

Na hapa kwetu je? Mume akimpiga mkewe, majirani husema ni mke wake. Ndugu wa marehemu wakiuza shamba la mjane, hasa sasa bei ya viwanja Kibaha ilivyopanda, wazee wa ukoo husema ni mali ya ukoo. Huyo ni paka aliye bado na ndama kinywani. Sisi tulio wazee wa kanisa tukimnyamazia, hatuna la kujitetea atakapofika kwa watoto.

Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale. Mwaka 1874 Steere aliwekwa kuwa Askofu, na ujenzi aliusimamia mwenyewe. Husimuliwa kuwa siku moja alipokuwa hayupo mafundi walisimamisha baadhi ya nguzo juu chini, na mpaka leo ziko hivyo.

Lakini nunda alikuwa bado hajafa. Biashara ilipozuiwa baharini, misafara ya watumwa ilitoka Kilwa kwa miguu kuelekea kaskazini, ikipita nchi hii yetu ya Mrima. Afisa mmoja Mwingereza, Elton, aliyetembea kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa mwishoni mwa mwaka 1873, alikutana na watumwa maelfu njiani. Sultani Barghash aliipiga marufuku njia hiyo mwaka 1876. Mwaka huo huo Steere aliongoza watu walioachwa huru, zaidi ya hamsini, akawapeleka Masasi wakaanze maisha mapya.

Wala hakuacha kutafsiri Maandiko na Sala. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale watoto watano aliowapokea Sultani alipowatoa, watoto ambao sokoni walihesabiwa kwa bei tu.

Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Siku hiyo utumwa ulikuwa bado halali kisiwani. Ulifutwa huko mwaka 1897, na huku kwetu Tanganyika mwaka 1922, Askofu akiwa kaburini miaka arobaini.