Clausewitz: Jina Lililotiliwa Shaka
Clausewitz ni jina adimu la ukoo Ujerumani; tamati yake, -witz, asili yake ni Kislavi, kama majina mengi ya mashariki ya nchi hiyo. Carl, aliyelifikisha jina hilo katika vyuo vya kijeshi duniani, alizaliwa Burg mwaka 1780, akaingia jeshi la Prussia mwaka 1792. Babu yake, mwalimu wa elimu ya dini huko Halle, hakulitanguliza neno "von", alama ya nasaba bora. Baba yake alilitanguliza. Sisi askari twaujua uzito wa heshima yenye shaka. Mfalme aliithibitisha mwaka 1827 tu, Carl akiwa tayari jenerali. Kipindupindu kilimwua Breslau mwaka 1831, bila kuacha mtoto. Mjane wake, Marie, alianza kukichapisha kitabu chake juu ya vita mwaka 1832.