Edgar Sengier: Mbelgiji aliyeiuzia Marekani urani ya Shinkolobwe

Kilomita 20 hivi magharibi mwa Likasi, katika eneo la Kambove mkoani Haut-Katanga, kuna mgodi ambao leo hakuna anayeruhusiwa kuchimba. Unaitwa Shinkolobwe. Aliyeamua madini yake yaende wapi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa Mbelgiji, Edgar Sengier.

Sengier alizaliwa mwaka 1879 mjini Kortrijk, Ubelgiji. Alisomea uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Leuven, akahitimu mwaka 1903. Mwaka 1911 alijiunga na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuyeyusha shaba Lubumbashi. Baadaye alipanda hadi kuwa mkurugenzi wake mkuu.

Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Rich Sharp. Kilichotafutwa wakati huo kilikuwa radiamu, iliyotumika kutibu saratani na iliyouzwa kwa bei ya juu mno. Urani yenyewe haikuwa na soko kubwa.

Mambo yalibadilika mwaka 1939. Sengier akiwa London, mwanasayansi Henry Tizard alimwonya kwamba madini hayo yakiingia mikononi mwa adui, yangeweza kuleta maafa. Sengier hakulipuuza onyo hilo. Alihamia New York mwaka huohuo, na mwaka 1940, baada ya Ujerumani kuivamia Ubelgiji, akaagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani zisafirishwe kupitia bandari ya Lobito, Angola. Shehena hiyo ilihifadhiwa katika ghala kisiwani Staten Island, New York, na kwa muda mrefu serikali ya Marekani haikuonyesha haja nayo.

Septemba 18, 1942, Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa siri wa bomu la atomiki alifika ofisini kwa Sengier. Haikupita hata saa moja wakawa wamekubaliana. Marekani ilichukua shehena yote, pamoja na madini mengine yaliyokuwa bado Katanga.

Kilichowavutia Wamarekani ni ubora wake. Mawe ya Shinkolobwe yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi ya Amerika Kaskazini ilikuwa ikihangaika na chini ya asilimia moja.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi huo ilitoka Congo. Huko Oak Ridge, urani ilirutubishwa kwa ajili ya bomu lililoangukia Hiroshima Agosti 6, 1945. Huko Hanford, urani iliwekwa kwenye vinu ili itoe plutoni, ambayo ilitumika Nagasaki siku tatu baadaye.

Mwaka 1946 Sengier alitunukiwa na Marekani nishani ya heshima kubwa kwa raia. Madini ya sengierite, yaliyopatikana hukohuko Katanga, yakapewa jina lake. Alifariki mwaka 1963 mjini Cannes, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 83.

Wachimbaji Wacongo, ambao mawe hayo waliyachambua kwa mikono bila kuambiwa hatari ya mionzi, hawakupata nishani. Majina yao hayajulikani.

Plutoni iliyozalishwa Marekani kwa miaka mingi baada ya vita ikawa mzigo. Mwaka 2000 Marekani na Urusi zilikubaliana kila moja iondoe tani 34 za ziada. Wamarekani walijaribu kuichanganya na urani iwe mafuta ya kuzalisha umeme. Kuanzia mwaka 2005 mafuta hayo yalitumika katika kinu cha Catawba, South Carolina, kisha baadhi ya fito zilizotumika zikapelekwa Oak Ridge kupimwa. Hata hivyo, ujenzi wa kiwanda cha kuyatengeneza ulisitishwa mwaka 2018 kwa sababu ya gharama.

Shinkolobwe nayo ilibaki na mzigo wake. Mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa mwaka 1960, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo Januari 2004. Julai mwaka huohuo, shimo liliporomoka na kuua watu wanane.