Georg Ohm

Georg Simon Ohm (Erlangen, 16 Machi 1789 – Munich, 6 Julai 1854) alikuwa mwanafizikia na mwanahisabati kutoka nchini Ujerumani. Baba yake, fundi wa kufuli aliyejisomea mwenyewe, ndiye aliyemfundisha hisabati nyumbani.

Akiwa mwalimu wa shule mjini Köln, alipima mkondo wa umeme katika nyaya za urefu mbalimbali. Betri za wakati ule hazikuwa na nguvu thabiti, hivyo alitumia umeme unaotokana na tofauti ya joto kwenye viungo vya metali mbili. Kitabu chake cha mwaka 1827 kilieleza kwamba mkondo ni sawa na volteji ikigawanywa kwa ukinzani. Wataalamu wengi wa kwao walikipuuza, naye akaacha kazi na kuishi kwa shida. Heshima ilitoka ugenini kwanza: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunukia Nishani ya Copley.

Kizio cha ukinzani kinaitwa ohm kwa heshima yake. Pasi inayotumia volti 230 na ampea 5 ina ukinzani wa ohm 46 (230 ÷ 5), na nguvu yake ni wati 1,150 (230 × 5).

Kisiwa cha Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, iliyozinduliwa mwaka 2010. Umeme huo husafirishwa kwa volti 33,000, kwa sababu volteji ikiwa kubwa, nguvu ileile huhitaji mkondo mdogo. Na mkondo ukipungua nusu, umeme unaopotea kama joto katika kebo hubaki robo tu.