Mwalimu Nyerere na Safari ya Kuwafundisha Watu Wazima Kusoma na Kuandika

Mwaka 1934, mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama aliingia darasani kwa mara ya kwanza katika Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma. Alikuwa Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Bi. Mugaya. Nyumbani alizungumza Kizanaki, lakini masomo yalitolewa kwa Kiswahili, hivyo alilazimika kujifunza herufi na lugha kwa wakati mmoja. Pamoja na kuchelewa huko, alimaliza kwa miaka 3 masomo ya miaka 4, na mwaka 1937 akajiunga na Shule ya Serikali ya Wavulana Tabora.

Kutoka Tabora alikwenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, kisha akafundisha katika Shule ya St. Mary's, Tabora. Baada ya kuhitimu shahada katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alirejea nchini na kufundisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha kazi hiyo ili kuitumikia TANU. Hata hivyo, jina la Mwalimu halikumwacha hadi mwisho wa maisha yake.

Nchi aliyoiongoza baada ya Uhuru ilikuwa na watu wazima wengi ambao hawakupata nafasi aliyoipata yeye. Sensa ya mwaka 1967 ilionesha kuwa takriban theluthi mbili yao hawakujua kusoma wala kuandika. Mkulima wa aina hiyo aliuza pamba bila kuweza kuhakiki stakabadhi aliyopewa, na mama aliyepokea barua ya mwanawe alilazimika kumwomba mtu mwingine amsomee, hata ilipokuwa na siri ya familia.

Alipowasilisha bungeni Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mei 1964, Mwalimu alieleza kuwa elimu ya watoto ingechukua miaka mingi kuleta mabadiliko ya uchumi, ilhali mitazamo ya watu wazima ina athari wakati huohuo. Kwa msimamo huo, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka mpya aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya 6, zikiwamo Mafia na Ukerewe, zilichaguliwa kuwa za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mwaka 1971 TANU iliazimia kuwa lengo hilo lifikiwe nchi nzima ifikapo mwisho wa mwaka 1975.

Madarasa ya kisomo, ambayo wananchi waliyaita ngumbaru, yalifunguliwa shuleni, katika nyumba za ibada na chini ya miti. Walimu wa shule za msingi walisaidiwa na wananchi wa kujitolea, baadhi yao wakiwa vijana waliowafundisha watu wa umri wa wazazi wao.

Mpango wa kisomo chenye manufaa, ulioanzia Kanda ya Ziwa kwa ushirikiano na UNESCO, ulitumia vitabu vilivyohusu kazi za wanakisomo wenyewe: kilimo cha pamba na migomba, uvuvi, ufugaji na malezi ya nyumbani. Maneno ya kwanza kusomwa yalikuwa yale ambayo mwanakisomo aliyatamka kila siku shambani au ziwani. Neno liligawanywa katika silabi, na silabi hizo zikaunda maneno mengine.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wenye hatua 4. Aliyefuzu hatua ya nne alitakiwa kuweza kusoma gazeti, kuandika ujumbe na kutunza kumbukumbu za hesabu zake. Idadi ya wasiojua kusoma na kuandika ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 ikawa chini ya asilimia 10.

Mafanikio hayo yalikuwa na changamoto zake. Karatasi na vitabu havikutosheleza, na wazee wengine walihitaji miwani. Aidha, aliyejua kusoma bila kupata cha kusoma aliweza kusahau. Ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya wanakisomo, likiwamo Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa.

Mwalimu mwenyewe aliendelea kuitumikia lugha kwa kalamu yake, akitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili huku akiwa na majukumu ya urais. Alifariki dunia Oktoba 14, 1999 jijini London na kuzikwa Butiama, kijiji alichotoka akiwa na umri wa miaka 12 kwenda kujifunza herufi.

Leo stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, ndizo msingi wa madarasa ya awali nchini. Kwa mtu mzima aliyezikosa utotoni, historia ya madarasa ya kisomo ni ushahidi kuwa umri hauzuii kuanza.