Mganga Michel-Gabriel Paccard, mtu wa milimani (1757-1827)

Siku za yubile hutukumbusha wale waliotenda kazi kubwa wasipate heshima iliyo haki yao. Mmoja wao ni mganga Paccard wa Chamonix, kijiji kilicho bondeni chini ya Mont Blanc, mlima wenye theluji daima kama Ruwenzori yetu.

Alizaliwa mwaka wa 1757. Zamani zile Savoie, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, ilikuwa chini ya mfalme wa Sardinia. Baba yake, mwandishi wa mikataba, alimpeleka Turin kusoma uganga. Alipomaliza masomo hakukaa mjini, bali alirudi kwao awatibu watu wa bonde lake.

Tangu mwaka wa 1760 Saussure, mtaalamu wa Geneva, alikuwa ameahidi zawadi kwa atakayevumbua njia ya kufika kilele cha Mont Blanc. Wengi walijaribu, wakarudi. Paccard naye alijaribu, akachunguza miteremko kwa darubini muda wa miaka. Tarehe 7 Agosti 1786 aliondoka pamoja na Jacques Balmat, mkulima aliyetafuta mawe ya thamani milimani. Kesho yake walivuka barafu yenye nyufa, bila kamba wala ngazi, wakishika fimbo tu. Baada ya saa kumi na mbili ya jioni walisimama kileleni. Mganga alikuwa amechukua barometa, akapima uzito wa hewa. Walirudi salama, lakini macho yake yalikuwa yameungua kwa mng'ao wa theluji.

Ndipo maneno yalipoanza. Balmat alipewa zawadi. Bourrit, mwandishi wa Geneva aliyeshindwa mwenyewe kuupanda mlima, aliandika mwaka uleule kwamba sifa ni ya Balmat, akamdharau mganga. Mwaka wa 1787 Paccard alitangaza katika gazeti la Lausanne ushuhuda wenye sahihi ya Balmat, lakini masingizio yalikuwa yamekwisha kuenea. Hata hivyo hakuacha bonde lake. Alimwoa dada yake Balmat, tena akawa mwamuzi wa mashauri ya watu. Alikufa mwaka wa 1827. Miaka mitano baadaye Alexandre Dumas alimsikiliza Balmat mzee, akaieneza hadithi yake pote. Mwaka wa 1887 Chamonix ilisimamisha sanamu ya Balmat na Saussure, mganga hakuwamo.

Lakini siku ile ya 1786, Mjerumani mmoja, Gersdorf, alikuwa Chamonix na darubini yake. Aliwatazama wapandaji hatua kwa hatua, akaandika saa na kuchora njia yao. Karatasi zake zilipojulikana, katika karne ya 20, zilionyesha kwamba mganga hakuburutwa na mtu: alipanda kwa miguu yake, bega kwa bega na mwenzake. Mwaka wa 1986, miaka 200 baada ya safari ile, Paccard naye alipata sanamu yake Chamonix.

Ndugu, haki ya mganga yule iliokolewa na mtu aliyeandika siku ileile jambo aliloliona. Parokia yetu nayo ina makatekista, waganga na wajenzi ambao majina yao hayamo katika jiwe lolote. Tuyaandike sasa, wazee waliowaona wangali hai.